UZI: Kibali cha usalama Marekani na siri zetu za nyumbani. Kwenye SF-86 usifiche ndugu

Mzigua wa Muheza (mleta uzi):

Wakuu, habari za majukumu.

Kila wiki napata ujumbe wa faragha kutoka kwa kijana wetu aliyeko Texas, Minnesota au huku kwetu Virginia: "Kaka, kazi niliyopata inataka kibali cha usalama. Kwenye ndugu niandike wote?" Nimeona niandike hapa hadharani, ili wanaojua zaidi yangu wanisahihishe.

Kwanza kwa asiyeijua habari hii. Kazi nyingi za serikali ya Marekani, za jeshi lake na za kampuni zenye mikataba nalo, huzigusi bila kufanyiwa upekuzi na kupewa kibali cha kuona nyaraka za siri. Kibali ni cha raia. Mwenye green card asubiri kiapo kwanza. Ngazi ni tatu, na ya juu ni Siri Kuu. Unajaza fomu ya SF-86, yenye kurasa zaidi ya 100. Inataka ulipoishi, uliposoma na ulipofanya kazi kwa miaka 10, na kuna maswali yanayouliza kama "umewahi" tangu uzaliwe. Ukishasaini, wapelelezi wa idara ya DCSA, iliyochukua kazi hiyo mwaka 2019, wanaanza: wanasoma rekodi za mahakama na za madeni, wanabisha hodi kwa jirani yako, wanaongea na bosi wako wa zamani. Kwa Siri Kuu wanakaa na wewe mwenyewe, uso kwa uso.

Sasa yangu.

Nilikuja 2006 kwa bahati nasibu ya viza. Nikala kiapo cha uraia 2012, na mwaka uliofuata nikapata kazi ya mitambo ya mawasiliano kwenye kampuni yenye mkataba na jeshi. Ilitaka Siri Kuu. Fomu niliijaza kwa usiku tatu. Sehemu ya 18, ya ndugu, nikaandika mama, marehemu baba, na ndugu zangu wanne wa tumbo moja. Nikasaini.

Lakini baba alikuwa na mtoto mwingine. Siku ya arobaini yake, nyumbani kwa baba mdogo, alifika binti wa miaka kumi na moja ameshikwa mkono na mjomba wake kutoka Korogwe. Sura ya baba, huulizi. Wazee wakakaa, wakakubaliana mama asiambiwe: yuko eda, ana presha, muda wake utafika. Mimi nikajitwika ada ya shule. Tangu siku ile kila muhula nikatuma fedha kwa jina la yule mjomba.

Sisi tulivyolelewa, hiyo ni sitara. Umemfunika marehemu baba yako, umemkinga mama yako, umemsomesha yatima. Sikuwahi hata siku moja kujiona mwongo. Kwa hiyo nilipofika sehemu ya 18 nilimruka yule binti kwa mkono uleule uliozoea kufunika. Kisha sehemu ya 20A ikauliza kama nimewahi kumsaidia kwa fedha mtu asiye raia wa Marekani, nikaandika "ada ya mtoto wa jamaa". Nilimfuta dada yangu mara mbili kwenye fomu moja.

Mpelelezi alinipigia vuli ile ya 2013 kupanga mahojiano. Zilikuwa zimepita wiki chache tu tangu mauaji ya Washington Navy Yard ya tarehe 16 Septemba, ambapo mtu mwenye kibali aliua watu 12, ikaja kujulikana kwamba kwenye fomu yake hakutaja kukamatwa kwake Seattle mwaka 2004. Kazini hakukuwa na mazungumzo mengine. Sikulala siku mbili. Nilipoingia kile chumba, kabla yule mama mpelelezi hajafungua faili, nikamwambia: kuna dada yangu wa baba mmoja sikumwandika.

Hakupandisha sauti. Akaandika jina, mwaka wa kuzaliwa, shule, kiasi nilichotuma. Halafu akauliza, "Nani hajui habari zake?" Nikasema mama yangu. Akauliza tena: "Mtu akikwambia atamweleza mama yako usipompa kitu kutoka kazini kwako, utafanya nini?"

Hapo ndipo nilipoielewa ile fomu. Kwa dada yangu hawakuwa na neno lolote. Walichokiona ni kamba iliyofungwa shingoni mwangu, na ncha ya pili imelala Muheza ikingoja mtu wa kuiokota.

Nilimpigia mama Jumapili ile. Alinisikiliza hadi mwisho, akakata simu. Miezi minne hakupokea simu yangu, salamu zikawa zinapita kwa kaka. Siwezi kuwadanganya kwamba jambo hili halina gharama. Kibali kilitoka mwaka uliofuata.

Waamuzi wa vibali wana mwongozo wao. Unaotumika sasa ulianza Juni 2017, una vipengele 13, A hadi M. Kipengele E ni cha mwenendo binafsi, na humo kuficha kwa makusudi ni kosa linalojitegemea, hata kama ulichokificha kisingekudhuru. Kipengele hichohicho kinampa nafuu mtu aliyerudi mwenyewe, upesi, kusahihisha kabla hajawekewa ushahidi mezani. Shikeni hilo neno "kabla". Yule mpelelezi angenitolea kumbukumbu za fedha kwanza, mimi leo nisingekuwa na cha kuwaandikia. Na pembeni ipo sheria ya jinai, kifungu cha 1001 cha sura ya 18 ya sheria za Marekani: uongo kwa serikali ya shirikisho, hadi miaka 5 jela.

Mahali tunapojikwaa sisi ni hapa.

Neno "ndugu". Kwetu ni pana, kwenye fomu lina mipaka. Sehemu ya 18 inataka wazazi, wazazi wa kambo, walezi, watoto, ndugu wa tumbo moja, wa baba mmoja, wa mama mmoja, wa kambo, na wakwe. Wawe hai au wamekufa. Mama mdogo na binamu hawamo. Ila kama mama mdogo mnaongea kila Ijumaa na unamtumia hela ya dawa, anaingia sehemu ya 19, ya watu wasio raia wa Marekani mlio na ukaribu au wajibu kati yenu ndani ya miaka 7. Usimwandike mama mdogo kuwa mama, wala mtoto wa mjomba kuwa kaka. Mpelelezi atawahoji watu wengine, na hadithi mbili zikipishana utaonekana umetunga.

Kazi za ndugu. Fomu inauliza mwajiri wao, na kama wana uhusiano na serikali ya nje, jeshi au usalama. Kaka yuko JWTZ, andika. Dada ni mwalimu wa shule ya serikali, andika pia, mshahara wake unatoka serikalini.

Kiwanja. Hili naliona kwa karibu kila mtu. Sheria ya Ardhi ya Tanzania ya 1999 kwa miaka mingi haikumpa mgeni ardhi ila kwa uwekezaji, na ukishaapa Marekani wewe ni mgeni, maana Sheria ya Uraia ya 1995 hairuhusu mtu mzima kuwa na uraia wa nchi mbili. Kwa hiyo kiwanja cha Chanika kiko kwa jina la shemeji. Fomu inauliza ardhi uliyonayo, unayotarajia kununua, na mali ambayo mtu mwingine anaishika kwa niaba yako. Andika kiwanja, andika jina la shemeji, andika ulilipa kiasi gani. Na pasi ya Tanzania uliyobaki nayo kabatini ina sehemu yake, ya 10.

Nipo, ulizeni.


Mwana Meru:

Asante sana kwa uzi huu. Mimi ni Mkenya, niko Minneapolis. Sisi katiba ya 2010 ilituruhusu uraia wa nchi mbili, kwa hivyo nina pasipoti zote mbili na niliziandika zote, hakuna aliyenisumbua. Swali langu ni miraa. Nimekua nikitafuna nyumbani na baba, ni zao la familia, ndilo lililonilipia karo. Hapa pia nimetafuna mara kadhaa, inakuja imekauka. Je, ni dawa ya kulevya kwa hii fomu?


Mzigua wa Muheza:

Mkuu, ya nyumbani na ya hapa si kitu kimoja. Swali la sehemu ya 23 ni kama umetumia dawa kinyume cha sheria ndani ya miaka 7. Kenya miraa ni zao halali. Marekani kemikali ya kathinoni iliyomo kwenye miraa mbichi imewekwa daraja la kwanza la dawa zilizopigwa marufuku, na katini inayobaki kwenye ile iliyokauka nayo inadhibitiwa. Ulizotafuna Minneapolis ziandike, kwa tarehe za kukadiria. Fomu ina kisanduku cha kuonyesha kwamba tarehe ni ya makadirio. Kwenye maelezo eleza ulivyokulia shambani. Na kama bado unatafuna, acha leo kabla hujasaini, maana "nilitumia" na "natumia" mbele ya waamuzi ni vitu viwili vilivyo mbali sana.


Kijana wa Akiba:

Kaka, nimesoma nikajiona mwenyewe. Niko jeshi la akiba, nimeomba kibali cha ngazi ya Siri. Nilivuta bangi chuoni Colorado, mara kama sita hivi, ya mwisho miaka mitatu iliyopita. Kule ni halali dukani kabisa. Afisa uandikishaji aliniambia, "Andika hapana, vinginevyo faili lako litalala." Nikaandika hapana. Nimeshasaini, wiki ya tano sasa. Nifanye nini?


Pwani Mchangani:

Mdogo wangu, nyamaza tu. Mara sita chuoni nani ataijua? Ukijipeleka mwenyewe ndiyo unawapa sababu. Halafu tuangalie upande wa pili. Mnawaambia vijana waandike kila kitu, kila ndugu, kila jina, hadi anwani za wazazi wetu. Mwaka 2015 ilitangazwa kwamba kumbukumbu za upekuzi za watu milioni 21.5 zimeibiwa kwenye kompyuta za serikali, pamoja na alama za vidole milioni 5.6. Fomu hizihizi. Mama yako yuko Muheza hajui hata SF-86 ni nini, na jina lake liko mikononi mwa nani leo? Mimi naona kuna haki ya mtu kuwalinda watu wake.


Mzigua wa Muheza:

Pwani, hoja yako naiheshimu, na inaniuma kwa sababu ni kweli. Barua ya kuarifiwa nami niliipata. Nilikaa nayo mezani nikawaza dada yangu, ambaye nilikuwa nimemwandika kwa mkono wangu kwa ajili ya kusema ukweli, na sasa jina lake limebebwa na wezi. Hilo sina jibu lake, na sitajifanya ninalo.

Lakini fikiri hatua moja mbele. Kama mafaili yaliibiwa, basi aliyeyaiba anajua ulichosema. Akigundua na kile ambacho hukusema, amekupata. Aliyeandika yote hana kitu cha kutishwa nacho. Na kama mtu anaona kuwataja wazazi wake ni hatari asiyoweza kuibeba, ana haki kamili ya kutoomba kazi ile. Kazi ziko nyingi. Asichoweza ni kusaini kwamba maelezo ni kamili huku akijua si kamili.

Kijana wa Akiba, hesabu yako ni hii. Bangi kwa sheria ya shirikisho ni marufuku hata dukani Colorado, kwa hiyo jibu lilikuwa ndiyo. Lakini Desemba 2021 mkurugenzi wa ujasusi wa taifa alitoa waraka kwamba matumizi ya zamani ya bangi yaangaliwe ila yasitoshe peke yake kumnyima mtu kibali. Mara sita, chuoni, miaka mitatu nyuma. Hilo lingeweza kuelezeka kwa mistari minne. Sasa una bangi na una "hapana". Ile "hapana" ndiyo itakayokumaliza.


Karani wa Sheria:

Nafanya kazi kwenye ofisi ya wakili, si wakili mwenyewe, na huu si ushauri rasmi. Maamuzi ya DOHA, baraza linalosikiliza rufaa za vibali vya kampuni zenye mikataba na wizara ya ulinzi, yako wazi mtandaoni bila majina ya watu. Nimeyasoma mengi. Kuna watu walikuwa na madeni ya maelfu ya dola wakapewa kibali, kwa sababu waliyataja wakaonyesha mpango wa kuyalipa. Na kuna watu walikuwa na jambo dogo sana wakakosa, kwa sababu jaji hakuamini maelezo yao ya kwa nini walijibu hapana. Tangu kesi ya Egan ya 1988 Mahakama ya Juu ya Marekani ilishasema kibali si haki ya mtu. Penye shaka, shaka inaegemea upande wa usalama wa nchi. Kwa hiyo usiende ukitegemea kwamba wao ndio wanapaswa kuthibitisha.

Kijana, kuhusu yule afisa: mwongozo unatambua kwamba mtu anaweza kuwa alipotoshwa na aliyekuwa na wajibu wa kumwelekeza kwenye mambo ya upekuzi. Ila afisa uandikishaji kazi yake ni kuandikisha, na waamuzi wengi hawatamhesabu. Usiweke uzito wako wote hapo. Sema "nilijibu hapana, nilijua si kweli, nilishauriwa vibaya nikakubali". Ukianza na kumlaumu yeye, hutasikilizwa vizuri.

Kama una uwezo, kaa na wakili saa moja kabla ya kuandika. Lakini usifanye kutafuta wakili kuwa sababu ya kungoja hadi uitwe.


Pwani Mchangani:

Karani, hapo kwenye madeni sikujua. Nashukuru. Bado sikubaliani na yote, lakini kwa huyu kijana naondoa ushauri wangu wa kunyamaza.


Binti wa Nyarugusu:

Shikamooni. Nimesita kuandika. Nimezaliwa na kukulia kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, Kigoma, wazazi wangu ni Wakongo wa upande wa Fizi. Baba yangu mzazi alifariki nikiwa mdogo. Baba mdogo alituandikisha mimi na mdogo wangu kwenye karatasi ya familia kama watoto wake wa kuzaa, ili tusitenganishwe wakati wa kuhamishwa. Tulikuja Marekani hivyo. Tarehe yangu ya kuzaliwa ni 1 Januari, kama ya nusu ya kambi. Mimi ni raia sasa na ni muuguzi, na kuna nafasi kwenye hospitali ya jeshi inayotaka kibali. Baba mdogo ndiye baba ninayemjua. Kwenye fomu nimwandike nani? Nikisema ukweli, nitamtia matatani mtu aliyeniokoa?


Mzigua wa Muheza:

Marahaba, mdogo wangu. Umefanya vizuri kuuliza kabla ya kusaini. Tafadhali usiongeze hapa maelezo yoyote ya jina, mwaka au mji.

Kuhusu tarehe usiwe na wasiwasi, wapelelezi wanaijua 1 Januari ya wakimbizi; eleza kwenye nafasi ya maelezo kwamba ilipangwa na waandikishaji. La baba ni zito, na mimi si mtu wa kulijibu. Karani, tusaidie.


Karani wa Sheria:

Dada, usijaze kitu mpaka umemwona wakili wa uhamiaji, na aliyewahi kushika kesi za wakimbizi, si yeyote tu. Faili lako la uhamiaji na la uraia litasomwa pamoja na SF-86. Ukimwandika baba mdogo kuwa baba mzazi, unarudia kosa ambalo ulikuwa mtoto lilipofanyika, na safari hii unalisaini ukiwa mtu mzima. Ukimwandika baba mzazi bila kujiandaa, unafungua suala la familia nzima bila mtu wa kuwatetea. Ukweli wako unahitaji kusemwa kwa mpangilio: kwanza kwa wakili, ambaye hawezi kuusema kwa mtu, kisha yeye ndiye akwambie unapelekwa wapi na lini. Yapo mashirika ya msaada wa kisheria yanayowahudumia wakimbizi bila malipo au kwa ada ndogo. Na hiyo nafasi ya kazi, kama haisubiri, iache ipite. Zingine zitakuja.

Ulikuwa mtoto. Mambo kama haya sheria inayatazama tofauti na ya mtu mzima aliyedanganya. Lakini mwenye kukueleza tofauti hiyo kwa undani ni wakili.


Binti wa Nyarugusu:

Nimeelewa. Nitaongea na baba mdogo kwanza, halafu wakili. Yeye anastahili kusikia kutoka kwangu.


Kaka wa Tabata:

Swali fupi mkuu. Ukishapata kibali, mambo yameisha?


Mzigua wa Muheza:

Hayajaisha. Zamani Siri Kuu ilikuwa inarudiwa kila miaka 5, siku hizi rekodi zako zinaangaliwa mfululizo. Na wewe una wajibu wa kutoa taarifa mwenyewe: safari za nje, watu wa nje mliojenga ukaribu, ndoa, madeni makubwa, kukamatwa. Nilipokwenda Muheza kumuuguza mama mwaka juzi, niliwaarifu kazini kabla ya kukata tiketi. Dharura ya msiba ikitokea usiku, unatuma ujumbe ukiwa uwanja wa ndege. Ukizoea, inakuwa kama kumuaga mwenyeji wako kabla ya kutoka.

Na kwa kuwa mmeniuliza faraghani kuhusu mama: tunaongea. Habari ya dada hatuigusi. Ila Idi ya mwaka jana alimwambia kaka anunue vitambaa sita, na sisi watoto wake tuko watano.


Kijana wa Akiba:

Narudi na taarifa. Nilipata wakili wa jeshi wa bure jana, tukaongea dakika arobaini. Leo asubuhi nimempigia afisa usalama wa kikosi, nikamwambia kuna jibu kwenye sehemu ya 23 si sahihi na nataka kulirekebisha. Mikono ilikuwa inatetemeka. Ameniambia niandike maelezo ya ukurasa mmoja nimpelekee Alhamisi, yeye atayaingiza kwenye faili kabla ya mpelelezi kupangwa. Nimeshaandika. Mara sita, miezi na miaka, nilikuwa na nani, na kwamba niliandika hapana nikijua. Sijamtaja afisa uandikishaji mpaka mstari wa mwisho.


Karani wa Sheria:

Weka tarehe na saa uliyopiga simu juu kabisa ya ukurasa, na jina la uliyeongea naye. Toa nakala mbili, moja ubaki nayo.


Kijana wa Akiba:

Sawa. Naenda kuandika upya sasa hivi.